Kuisoma Lee-Enfield ya Zamani kwa Vipande Vyake Vidogo: Mwongozo Kamili

Anayeishika Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Uingereza na makoloni yake, kwa mara ya kwanza hukimbilia maandishi. Anatafuta taji, anatafuta mwaka, na akiona 1917 au 1943 anaridhika. Maandishi hayo ni ya kweli, ila yanahusu chuma kimoja tu, yaani mwili wa bunduki. Mtutu huenda umebadilishwa zaidi ya mara moja, kilengeo kimetoka Marekani, mbao imechongwa Australia, na bolti imevuliwa kwenye bunduki nyingine iliyokwisha kufa. Ukitaka kujua bunduki imepita wapi, soma vipande vidogo: pete, skrubu, kilengeo, bamba la kitakoni, hata chupa ya mafuta iliyofichwa ndani ya kitako.

Kwetu Afrika Mashariki hii si silaha ya kigeni. Ni bunduki ya askari wa KAR (King's African Rifles), wale Keya wa simulizi za wazee, na imo katika picha nyingi za familia za askari waliorudi kutoka Burma. Baadhi yenu mnaishi Uingereza, Kanada au Marekani ambako zinauzwa minadani. Wengine mnafanya kazi makumbusho, au mna picha tu ya babu akiwa amevaa sare. Picha nzuri inatosha kwa nusu ya kazi hii.

Nitakalosisitiza tangu mwanzo ni hili: kipande kisicholingana na mwaka wa bunduki si ushahidi wa udanganyifu. Bunduki ya jeshi ni kama Land Rover ya serikali iliyotembea miaka thelathini. Ukiikuta kila kitu chake ni cha kiwandani, cha mwaka mmoja, ama haikufanya kazi, ama kuna mtu ameipamba juzi.

Kabla ya yote, hakikisha haina kitu

Toa magazini. Fungua bolti, lile komeo la chuma lenye mkono upande wa kulia, ulivute nyuma kabisa. Mulika ndani ya chemba, kisha ingiza kidole cha mwisho uguse, kwa kuwa macho peke yake hudanganywa na giza la mtutu. Fanya hivyo hata kama mwenyewe amekuapia kwamba haina risasi tangu enzi za mkoloni.

Kuhusu sheria: Kenya ina Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Zote zinadai leseni, na kutu si leseni. Ukiikuta darini kwa marehemu, usiibebe barabarani kuipeleka kwa fundi. Iache ilipo, utoe taarifa polisi ili utaratibu uanzie hapo.

Jambo lingine la usalama: zikionekana herufi DP kwenye chuma au kwenye mbao, bunduki hiyo ilitengwa kwa mazoezi ya gwaride. EY nayo ilipigwa kwenye bunduki zilizowekwa kando kwa kazi ya kurusha maguruneti, nyingi zikiwa zimezungushiwa waya. Za namna hizi zinatazamwa tu, hazifyatuliwi.

Hatua ya kwanza: tambua ukoo

Usianze na herufi. Tazama mdomo wa mtutu na mahali kilengeo cha nyuma kilipo.

Kama mtutu umeishia sawa na kofia nene ya chuma iliyofunika ncha ya mbao, na kilengeo cha nyuma kimekaa juu ya mtutu, mbele ya chemba, hiyo ni SMLE (Short Magazine Lee-Enfield), ambayo kuanzia 1926 iliitwa No. 1. Toleo lake maarufu, Mk III, liliidhinishwa Januari 1907. Lile la vita, Mk III*, liliidhinishwa Januari 1916. Nyota hiyo ndogo ina habari ndefu, tutaifikia.

Kama mtutu umechomoza kidogo mbele ya mbao, na kilengeo cha nyuma ni tundu la kuchungulia lililo nyuma kabisa, karibu na jicho lako, hiyo ni No. 4. Iliidhinishwa rasmi Novemba 1939, lakini utengenezaji wa wingi ulianza 1941. Ikiwa ni fupi, ina faneli mdomoni ya kuficha mwako na raba kitakoni, hiyo ni No. 5, ndugu mdogo wa No. 4.

Baada ya hapo ndipo usome maandishi. Kwenye SMLE yapo upande wa kulia wa kola ya chuma ambamo kitako kinaingia, chini ya mkono wa bolti: taji, herufi za mfalme, kiwanda, mwaka, aina. Kwenye No. 4 geukia upande wa kushoto, kwenye kola hiyo hiyo na kwenye ukuta wa mwili juu yake.

Hatua ya pili: soma alama za zana

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo elimu yote ilipo. Kabla hujauliza kipande ni cha nani, uliza kimetengenezwaje. Kuna njia nne za kutengeneza, na alama za zote zinaonekana kwa macho na tochi.

Kipande kilichofuliwa kisha kikachongwa kwa mashine kina kona kali. Unene wake hubadilika kutoka sehemu moja hadi nyingine, kwa sababu fundi alianza na donge la chuma akawa anaondoa. Chunguza pembe za ndani, ambako ung'arishaji haukufika, utaona mistari midogo iliyolala sambamba. Hiyo ni njia ya meno ya mashine.

Kipande cha bamba lililokunjwa kwa presi kina unene uleule kila mahali. Kona zake za nje ni za mviringo, na ukingo uliokatwa una sehemu mbili: ukanda unaong'aa, halafu ukanda uliochanika. Kingo mbili zinapokutana utakuta mshono, au nukta za kuchomelea. Ukishaitambua ile kona ya mviringo, hutaisahau.

Kipande kilichosubiwa kwenye kalibu, hasa cha zinki, ni cha kijivu, chepesi, hakina mng'ao, na pembeni kina mstari mwembamba mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana.

Cha nne ni kipande kilichoungwa kwa lehemu ya shaba: kwenye kiungo kuna mstari wa rangi ya dhahabu, pale rangi nyeusi ilipochubuka.

Chukua pia sumaku ndogo. Bamba la kitakoni likiivuta, ni la chuma. Lisipoivuta, ni la shaba ya njano au la zinki, na tundu la skrubu lililochubuka litakuambia ni lipi kati ya hayo. Usikwangue ili kujua. Atakayekuja baada yako ataudhika, na bei itashuka.

Kwa nini vipande vilibadilika

Bunduki ya 1907 ilibuniwa wakati wa amani, na walioibuni hawakuhesabu saa za mashine. Kila umbo la ziada, kila mfereji na kila mviringo ulihitaji mashine, kishikizo cha kukibana kipande, mtu wa kuiendesha na kipimo cha kukagua. Vita vilipokuja, swali likawa moja tu: ni hatua gani tunaweza kuiacha na bunduki bado ifanye kazi?

Mara ya kwanza swali hilo lilijibiwa 1916, kwa kuondoa vitu. Mara ya pili lilijibiwa kuanzia 1940, na safari hii haikutosha kuondoa. Ilibidi njia yenyewe ya kutengeneza ibadilishwe, presi na mtambo wa kuchomelea vichukue nafasi ya mashine za kuchonga. Usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 ndege za Ujerumani zilikipiga kiwanda cha BSA (Birmingham Small Arms) huko Small Heath, Birmingham, wafanyakazi 53 wakafa. Baada ya hapo kazi ilitawanywa kwenye majengo mengi ili bomu moja lisisimamishe kila kitu. Majina ya viwanda yakafichwa kwa misimbo: herufi N kwa kaskazini mwa Uingereza, M kwa katikati, S kwa kusini, ikifuatiwa na namba. Ndiyo maana hutaliona neno BSA kwenye No. 4 ya vita kutoka Shirley, kiwanda kingine cha BSA. Utaona M47, au M47C.

Unapoisoma SMLE, basi, tafuta kilichoondolewa. Unapoisoma No. 4, tafuta njia iliyobadilishwa. Ukikariri hilo tu, umeshawapita wauzaji wengi.

Hatua ya tatu: SMLE na nyota yake

Mk III ya kabla ya vita ina bamba jembamba linaloteleza juu ya magazini kutoka upande wa kulia. Kazi yake ni kuizuia magazini ili askari alishe risasi moja moja kwa mkono, akiweka akiba zile kumi kwa dakika ya hatari. Maofisa wa enzi hizo waliamini kwamba askari akiachiwa magazini ataimaliza ovyo. Mk III* imelitupa bamba hilo. Tazama mwili upande wa kulia: huenda ufa wake bado umechongwa ila ni mtupu, na kwenye miili ya baadaye hata ufa haupo.

Upande wa kushoto wa mbao, Mk III ina diski yenye namba na kimkono kinachozunguka, na huko nyuma karibu na kizuizi cha usalama kuna kijiti chenye tundu. Hicho ni kilengeo cha masafa marefu, cha kikosi kizima kumimina risasi juu ya kundi la adui hadi yadi 2,800. Mahandaki na bombomu vilikimaliza. Kwenye Mk III* diski haipo. Mara nyingine mbao bado ina nafasi yake na bamba tupu, mara nyingine mbao ni laini kana kwamba haikuwahi kuwekwa kitu. Picha ya askari aliyeshika bunduki ubavu wa kushoto ukiwa umeelekea kamera itakuonyesha hili bila shida.

Kipande cha nyuma cha bolti, kile unachokivuta kwa kidole gumba, kilikuwa kitufe cha mviringo kilichokerezwa. Kwenye nyota kikawa kibao bapa chenye mikwaruzo ya kushikia. Kilengeo cha nyuma kilikuwa na skrubu laini ya kusogeza kushoto na kulia kufuata upepo, nayo ikaondoka. Sarafu ya shaba iliyobandikwa kitakoni kuandikia kikosi ikaachwa, na vitako vingi vina kiraka cha mbao au tundu lililozibwa pale ilipokuwa.

Sasa angalia mtego. Si kila kiwanda kilihama siku moja. London Small Arms iliendelea na Mk III ya mtindo wa zamani muda mrefu baada ya wenzake kwenda kwenye nyota, kwa hiyo Mk III ya 1917 yenye jina lake si kioja. Vita vilipokwisha, bamba la magazini lilirudi kwenye bunduki kadhaa za miaka ya amani. Na bunduki iliyoanza kama Mk III ikaingia karakana 1917, ilitoka na kibao bapa nyuma ya bolti kwa sababu ndicho kilichokuwa kwenye sanduku la vipuri. Fundi silaha hakuwa na muda wa kutafuta kitufe cha mviringo ili kumfurahisha mkusanyaji wa miaka mia baadaye.

Kuna na bunduki za Standard Small Arms na National Rifle Factory. Hizo zilitokana na mpango wa kugawa kazi kwa karakana ndogo ndogo, kila moja ikitengeneza vipande vichache vinavyokusanywa kwingine. Zikikujia, tegemea mchanganyiko tangu siku ya kwanza.

Australia na India: mbao na skrubu

Hapa nitakwenda haraka, ila usiviruke, kwa maana SMLE iliendelea kutengenezwa Lithgow, Australia, na Ishapore, India, baada ya Uingereza kuhamia No. 4.

Lithgow ilibadili mbao. Mti wa mjozi kutoka ng'ambo ulipokuwa mgumu kupatikana, wakatumia miti ya kwao, ambayo ni laini zaidi. Mshtuko wa kila mlio ukawa unaisagasaga mbao pale mwili wa bunduki unapoegemea. Dawa ikawa vibamba viwili vidogo vya shaba nyekundu, vimefungwa kwa skrubu ndani ya mbao ya mbele. Ukiifungua SMLE ya Australia ya miaka ya 1940 ukavikuta, mbao ni ya kwao. Usipovikuta na mbao ni laini, kuwa na wasiwasi na afya yake. Alama SLAZ kwenye mbao ni ya Slazenger, ndiyo, wale wa raketi za tenisi. Wenye kujua kukausha na kuchonga mbao walipewa kazi ya mbao. Vipande vya chuma vya Lithgow mara nyingi vina MA, na viwanda vyake tanzu vya mashambani vilipiga herufi zao, kama OA kwa Orange na BA kwa Bathurst.

Ishapore inajulikana kwa skrubu moja. Tazama mbao ya mbele kwa ubavuni: skrubu iliyopita kutoka upande mmoja hadi mwingine ni ya India, iliwekwa kuzuia mbao kupasuka. Bunduki ya 1915 ya kiwanda cha Enfield, Uingereza, yenye skrubu hiyo ilipita India na kutengenezwa upya huko. Hakuna maelezo ya muuzaji yatakayoifuta.

Hatua ya nne: No. 4, kipande kwa kipande

Anza na kilengeo cha nyuma, kwa kuwa hicho peke yake kina historia nzima ya vita.

Mk I ni cha kuchongwa: ngazi nzito yenye skrubu ndefu ya kupandisha na kushusha, kila mzunguko ukibofya, kutoka yadi 200 hadi 1,300. Ni kazi ya fundi saa, na kwa kukitengeneza tu mashine zililemewa. Wakaja na Mk II: kipande chenye umbo la L chenye matundu mawili, moja la yadi 300 na jingine la yadi 600. Unakipindua, basi. Askari wengi walipigana na hicho hadi mwisho. Halafu vikaja Mk III na Mk IV, vilivyorudisha ngazi ya hadi yadi 1,300 ila kwa bamba la presi, na badala ya skrubu kuna kitelezi chenye kishikio cha springi. Ishike kona ya ngazi kwa ukucha: ikiwa ya mviringo na unene haubadiliki, umeshajua.

Kilengeo hutoka kwa kusukuma pini moja tu, kwa hiyo ndicho kipande kilichobadilishwa kuliko vyote. Bunduki ya 1942 yenye Mk I unaong'aa huenda ilipewa karakanani baada ya vita, au ilipewa na muuzaji kwa kuwa Mk I una bei zaidi. Kilengeo peke yake hakithibitishi chochote.

Kipande kinachothibitisha ni kile cha kutolea bolti, maana kimo ndani ya mwili wenyewe. Kwenye No. 4 Mk I, upande wa kulia nyuma ya reli ambamo kichwa cha bolti kinateleza, kuna kitufe cha kubonyeza chini ili kichwa kizunguke na bolti itoke. Kukitengeneza kulihitaji kutoboa mfereji wa wima, kutia springi na kuchonga kitufe. Mwaka 1942 Long Branch ya Kanada na Savage ya Marekani wakaacha yote hayo. Wakakata pengo kwenye reli, upande wa mbele. Unasogeza bolti hadi hapo, unainua kichwa, kinatoka. Hiyo ndiyo Mk I*.

Pengo hilo lina kasoro, nayo ni ya kuikagua kabla ya kulipa hata senti. Reli kando ya pengo ni nyembamba, hukatika. Ikishameguka, kichwa cha bolti kinaweza kuruka nje ya njia yake wakati wa kuvuta. Mulika hapo kwa tochi. Kovu lolote, ukingo wowote ulioliwa, ni ugonjwa wa mwili na si wa kipuri. Hautibiki kwa kubadili kitu.

Endelea chini, kwenye triga. Kwa miaka yote ya vita triga ya No. 4 ilining'inia kwenye kinga yake, ambayo imefungwa kwenye mbao. Mbao ikivimba kwa mvua au kusinyaa kwa jua, uvutaji wa triga unabadilika. Mwaka 1949 ikaja Mk 2, triga ikahamishiwa kwenye mwili wa chuma. Za zamani zilizobadilishwa ziliandikwa upya: Mk I ikawa Mk 1/2, Mk I* ikawa Mk 1/3. Huhitaji kufungua ili kuthibitisha. Tazama mwisho wa mbao ya mbele, pale inapogusa kola: za awali zimefungwa ukanda wa chuma, za Mk 2 zina skrubu yenye nati iliyopita kati. Maandishi ya 1/2 pamoja na mbao yenye ukanda yanakuambia kwamba mbao imebadilishwa baada ya matengenezo, tena na mtu asiyejua.

Sasa tembea kwenye vipande vya nje ukitumia elimu ya zana. Pete zinazofunga mbao zilichongwa mwanzoni, baadaye zikakunjwa. Kinga ya kilengeo cha mbele, yale masikio mawili, ilikuwa chuma kizima, ikaja ya bamba. Kinga ya triga, kizuizi cha usalama: hadithi ile ile. Kipande cha nyuma cha bolti kina mifereji ya kushikia kwenye bunduki nyingi, na kwenye zile za haraka ni bapa. Bamba la kitakoni likatoka shaba ya njano kwenda zinki na chuma. Chupa ya mafuta iliyomo ndani ya kitako ikaacha shaba, ikawa ya chuma, hatimaye plastiki nyeusi. Mbao ya Uingereza ikatoka mjozi kwenda beech.

Hata ndani ya mtutu kuna habari. Mifereji ya kuzungusha risasi ilikuwa mitano. Wakati wa vita ikaonekana kwamba miwili inatosha kwa askari wa kawaida, na kila mfereji ulioachwa ni muda uliookolewa. Mulika kutoka chemba uhesabu. Mifereji miwili si ubovu, ingawa nimeona mnunuzi akipunguziwa bei kwa kudhani mtutu umelika.

Alama ndogo za kukusaidia: S iliyochorwa kwa pembe za mraba ni Savage, nao mwili wao una maneno US PROPERTY. LB zilizoshikana, au mshale ndani ya C, ni Kanada. F au FY ni Fazakerley ya Liverpool. M47 ni BSA Shirley.

Singe: mfano safi kuliko wote

Ukitaka kumfundisha mtu mabadiliko haya kwa dakika tano, mwonyeshe singe. Ya SMLE, ya mtindo wa 1907, ni upanga wa inchi 17. Mwanzoni ulikuwa na ndoano mbele ya mpini. 1913 ndoano ikaachwa. Ya No. 4 ni msumari wa inchi 8 tu. Mk I ilitengenezwa na Singer ya Clydebank, kampuni ile ya cherehani, na msumari wake ulichongwa mifereji minne hata ukikatwa unaonekana kama msalaba. Mk II ikaacha mifereji: msumari wa mviringo tu. Mk II* ikatengeneza msumari na kishikio mbalimbali kisha vikaunganishwa, ili chuma kidogo kipotee. Mk III ikaacha hata kufua: bamba likakunjwa, likaunganishwa, mishono ikaachwa wazi bila aibu. Zipange nne mezani, utaona vita vinavyoisogelea presi.

Hatua ya tano: namba na matengenezo

Linganisha namba ya mwili na ya bolti, nyuma ya mkono wake. Kwenye SMLE tafuta pia mtutu, kofia ya mbele, ngazi ya kilengeo na sehemu ya chini ya mbao. Kichwa cha bolti cha No. 4 kina tarakimu 0 hadi 3: hicho ni kipimo cha ukubwa, si namba ya bunduki. Fundi alichagua ukubwa uliofaa mwili husika, ndiyo maana bolti ya kuokota si salama mpaka ipimwe.

FTR (Factory Thorough Repair) na mwaka ni alama ya matengenezo makubwa ya kiwandani. Baada ya hapo bunduki ina haki ya kuwa na kipuri chochote cha mwaka ule au wa nyuma yake, na mara nyingi ina rangi nyeusi nzito iliyookwa juu ya fosfati. Mishale miwili iliyokutana kwa ncha inasema imeuzwa nje ya jeshi. Neno ENGLAND lilipigwa na wafanyabiashara kwa ajili ya soko la Marekani, halihusiani na kiwanda.

Tuseme umetumiwa picha. No. 4 Mk I, M47C, 1943. Kilengeo ni cha bamba, kitako kina zinki, bolti ina S ya Savage lakini namba yake inalingana na mwili. Anayejua kidogo atapiga kelele kwamba bolti si yake. Wewe vuta picha ya namba karibu. Kama tarakimu zimevaa rangi ile ile ya chuma kinachozizunguka, na kuna namba ya zamani iliyosuguliwa chini yake, hiyo ni kazi ya karakana ya jeshi: bolti mpya imepewa namba ya bunduki. Kama tarakimu zimekata rangi na ndani yake chuma kinang'aa, zimepigwa jana. Kilengeo na zinki vinafaa 1943 kabisa. Sasa badilisha picha: mwili ule ule, ila kilengeo cha Mk I, bamba la shaba, pete za kuchongwa, yote safi, hakuna FTR. Hiyo ndiyo ya kuogopa, kwa maana mwaka 1943 Shirley haikuwa na nafasi ya anasa hizo zote kwa pamoja.

Ukinunua kwa mbali

Omba picha hizi, na usikubali za jumla: reli ya kulia bolti ikiwa wazi, hasa kando ya pengo kama ni Mk I*, kola pande zote mbili, nyuma ya mkono wa bolti, mwisho wa mbao ya mbele unapogusa kola, ubavu wa mbao ya mbele, kwa ajili ya skrubu ya India, kilengeo cha nyuma kwa pembeni ili unene uonekane, na bamba la kitakoni mlango wake ukiwa umefunguliwa. Muuzaji akikuletea picha kumi za taji na mwaka, bila hata moja ya reli, mwombe tena mara moja. Akikataa, hela yako ibaki mfukoni.